Dartmoor: hifadhi ya taifa isiyo na geti

Shemeji yangu anaongoza watalii huko Arusha, na kila nikimrushia picha za Dartmoor, hifadhi ya huku kusini magharibi mwa England, swali lake ni lile lile, "Shem, hapo geti liko wapi na kiingilio shingapi?" Hakuna geti shem, na kiingilio hakuna. Unatoka zako mjini Plymouth na gari, muda si mrefu umeshapanda juu, unapita kwenye vile vyuma wanavyolaza barabarani ili ng'ombe wasivuke, na kuanzia hapo uko kwenye nyika ya wazi mpaka macho yachoke, nyasi, vichaka vifupi, miamba juu ya vilima, na hakuna askari wa kukuuliza unaenda wapi.

Kwa sisi tuliozoea mambo ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa Tanzania, hii inachanganya kweli. Kwetu hifadhi ya taifa ni ardhi ya serikali, watu hawaishi ndani, na mifugo ikiingia ni kesi. Dartmoor ina kilomita za mraba 954 na humo ndani wanaishi watu kama 34,000, wana vijiji, shule, makanisa, baa, na pale Princetown kuna gereza kabisa (wafungwa walihamishwa 2024), lilijengwa enzi za vita vya Napoleon kwa ajili ya mateka wa Kifaransa. Na ardhi karibu yote ina wenyewe. Mwenye kipande kikubwa kuliko wote ni Duchy of Cornwall, milki ya mrithi wa ufalme, ambayo kwa sasa ni ya Prince William, halafu wanafuata matajiri wenye mashamba yao, jeshi, kampuni ya maji, National Trust (shirika la kutunza maeneo ya asili na ya kihistoria), wakulima wa kawaida. Mamlaka ya hifadhi yenyewe ina kijisehemu kidogo tu.

Sasa kama ardhi si yake, inaongoza nini? Hapo ndo utamu wa hii habari ulipo. Sheria ya hifadhi za taifa kwa England na Wales ilipitishwa 1949, Dartmoor ikatangazwa 1951, na kazi walizopewa ni mbili, kutunza uzuri na viumbe na historia ya mahali, na kuwasaidia watu wapajue na wapafurahie. Zikigongana, utunzaji ndo unapewa uzito. Meno makubwa waliyonayo ni vibali vya ujenzi, ukitaka kuongeza chumba nyuma ya nyumba yako unawapelekea wao ramani. Mengine yote ni kuomba, kushauri na kubembeleza. Bodi yao ina madiwani walioletwa na halmashauri, watu walioteuliwa na waziri, na wachache wa kutoka vijijini. Mkazi hapigi kura moja kwa moja kumchagua mtu wa bodi, na ukikaa baa na mkulima wa pale hilo utalisikia kabla hata hujamaliza soda.

Halafu kuna malisho ya pamoja, zaidi ya theluthi ya hifadhi nzima. Ardhi ina mwenyewe ila wakulima wa pembeni wana haki ya kulisha mifugo yao humo, haki inayofuata shamba, na tangu sheria ya 1985 wana baraza lao la kusimamia hayo mambo. Wale farasi wadogo mnaowaona kwenye picha, mnaosema ni wa porini, kila mmoja ana mwenyewe, na kila vuli wanaswagwa kutoka nyikani, watu wanatambua wa kwao, wengine wanauzwa. Pale maegesho ya Haytor, mwamba unaopendwa na wageni, kipindi cha baridi utawakuta wanalamba chumvi ya barabarani iliyoganda kwenye milango ya magari, mmoja anaanzia taa ya mbele taratibu mpaka ya nyuma, mwenye gari yuko ndani kanyamaza na hawezi kufungua mlango. Kuwapa chakula ni marufuku, maana wakizoea wanaganda barabarani na wanagongwa, pamoja na kwamba spidi huko juu ni maili 40 kwa saa.

Malisho haya yameleta ugomvi mkubwa. Mwaka 2023 Natural England, chombo cha serikali cha mazingira, kilitaka kondoo wapunguzwe hasa wakati wa baridi kwa sababu nyika imechoka, wakulima wakasema mnatuua, mpaka serikali ikaunda timu huru chini ya David Fursdon na ripoti ikatoka Desemba mwaka huo huo. Mimi naona wote wana hoja ila hakuna anayependa kuanza kukubali. Kuna sehemu kweli kondoo wamemaliza vichaka, lakini kuna sehemu nyingine, hasa kwenye yale maeneo ya udongo mweusi unaojaa maji, majani marefu magumu yametawala kila kitu kwa kukosa ng'ombe wa kuyakanyaga na kuyala mapema. Kwa hiyo ukisema tu punguza mifugo au ongeza mifugo hujasema kitu, inategemea mifugo gani, wapi na mwezi gani, na kuwapangia hivyo wakulima wote wa nyika moja si kazi ya barua moja ya kutoka ofisini.

Ila kesi iliyofanya nchi nzima iijue Dartmoor ni ya mahema. Miaka yote watu walikuwa wanapanda na begi mgongoni, wanalala usiku mmoja au miwili nyikani bila kuomba ruhusa kwa mwenye ardhi, na kwa England hapo ndo palikuwa mahali pekee pa namna hiyo. Alexander Darwall na mkewe, wenye shamba kubwa upande wa kusini, wakaenda mahakamani kuipinga mamlaka ya hifadhi, wakisema sheria ya 1985 inampa mtu haki ya kutembea kwa miguu au kwa farasi, kulala haimo. Januari 2023 wakashinda Mahakama Kuu. Wiki iliyofuata maelfu ya watu wakaandamana mpaka kwenye ardhi yao, na mamlaka ikakimbilia kuingia makubaliano ya malipo na wenye ardhi ili mahema yaendelee sehemu sehemu. Julai Mahakama ya Rufaa ikageuza hukumu, jamaa hawakukubali, wakaenda Mahakama ya Juu, na tarehe 21 Mei 2025 majaji wote kwa pamoja wakasema kulala kwenye hema nako ni burudani ya nje inayotajwa kwenye sheria. Kesi imekwisha. Mamlaka ya hifadhi, kijitaasisi kinacholia hela kila mwaka, kimekomaa mpaka mwisho kwa ajili ya haki ya mtu baki kulala chini, mi hapo nawavulia kofia.

Na usidhani haki hiyo ni holela, hema liwe dogo la kubebeka, mbali na barabara, moto usiwashe kabisa, na kuna ramani ya sehemu zinazoruhusiwa.

Kingine kitakachokushangaza ni jeshi. Upande wa kaskazini wanafanya mazoezi ya risasi za moto ndani ya hifadhi ya taifa, mchana wanapandisha bendera nyekundu, usiku taa nyekundu, na kilele kirefu kuliko vyote, High Willhays, mita 621, kiko humo humo kwenye eneo la shabaha. Hilo sijawahi kulielewa na wala sitaki kulielewa, ila wenyeji wameshalizoea, na jeshi hilo hilo ndo linaandaa Ten Tors, yale matembezi ya vijana yaliyoanza 1960.

Ukija mara ya kwanza mimi nitakupeleka Haytor kwanza, si kwa ajili ya mwamba, kwa ajili ya reli. Ni reli ya mawe tupu, ya 1820, wamechonga matofali marefu ya graniti yakawa na ukingo wa kushika gurudumu, na farasi walikuwa wanavuta mabehewa ya mawe kwenda kwenye mfereji. Bado ipo kwenye nyasi, mpaka njia panda zake unaziona. Mawe ya hapo yalienda kujenga daraja la London lililofunguliwa 1831, ambalo baadaye Wamarekani walilinunua na sasa liko Arizona. Wistman's Wood nayo ni nzuri, mialoni mifupi iliyopindapinda na kufunikwa na vimea vidogo laini vya kijani, ila siku hizi wanaomba watu waizunguke kwa nje ili msitu upumue, na kuna mtu kila mara lazima aingie apige selfi.

Shem akaniuliza, sasa mishahara wanalipana nini? Ruzuku ya serikali, ambayo thamani yake imeshuka miaka mingi mfululizo, pamoja na vyanzo vidogo vidogo kama maegesho. Watu wanalalamikia hizo pauni chache za maegesho kana kwamba wametozwa kiingilio cha Serengeti. Lipeni jamani.

Mkitaka kuja, njooni siku za katikati ya wiki, angalieni ratiba ya jeshi mtandaoni kabla ya kwenda kaskazini, na bebeni ramani ya karatasi na dira, maana huko mtandao wa simu unakata na ukungu unashuka ghafla hata mwezi wa saba.