Naanza na njia ya kushuka

Nikiwaambia watu natoka Tanzania na napenda kupanda milima, swali linalofuata ni lile lile: Kilimanjaro umefika? Sijafika. Mimi mtu wa Tanga, Kilimanjaro nimeuona kwenye dirisha la basi tu, na siku hiyo nusu yake ilikuwa mawinguni. Milima ninayoijua kwa miguu yangu ni ya Uskoti, maana naishi Glasgow, na mrefu kuliko yote huku, Ben Nevis, una mita 1,345. Ndugu zangu wakisikia namba hiyo hucheka. Nami nilicheka, mpaka Januari moja mlima huo huo uliponirudisha.

Tulikuwa wawili, mimi na dada mmoja wa Mombasa ninayefanya naye kazi. Kiangazi chote tulikuwa tumepanda milima, tukajiona tumeiva. Tukachagua mgongo wa Carn Mòr Dearg kwa sababu ya picha. Ni ukingo mwembamba wa mawe, umepinda kama mundu, unatoka kilele cha mita 1,220 na kwenda kugusa ubavu wa Ben Nevis. Waliopita wakati wa kiangazi walituambia ni rahisi, mikono unaitumia hapa na pale. Hawakudanganya. Lakini mzunguko mzima ni kilomita 17 hivi, na kupanda kwake ni kama mita 1,500, na mwanzoni mwa Januari jua la huko linachomoza saa tatu kasoro na kuzama saa kumi kasoro. Theluji nayo ilikuwa ya magotini. Tulifika juu ya Carn Mòr Dearg saa nane kasorobo mchana. Mgongo ulikuwa mbele yetu, mzuri kuliko hata picha, na dada akaniuliza:

"Kaka, tukishafika kule ng'ambo, tunashukia wapi?"

Sikuwa na jibu. Wiki nzima nilikuwa nimeutazama mgongo tu.

Tukageuka. Tochi yangu ya kichwani ilizimika njiani kwa sababu betri zilikuwa za mwaka jana, tukateremka kwa tochi moja, yeye mbele mimi nyuma, kimya kabisa. Jibu la swali lake nililisoma nyumbani baadaye, na lilinikosesha usingizi. Juu ya Ben Nevis ni uwanda. Upande mmoja umekatwa na majabali ya kaskazini na korongo la Gardyloo, upande wa pili kuna korongo la Five Finger. Ukungu ukishuka, unapita katikati kwa dira: nyuzi 231 za ramani kwa mita 150 kutoka nguzo ya kilele, kisha nyuzi 282, huku ukiwa umerekebisha tofauti kati ya kaskazini ya ramani na kaskazini ya sindano. Wapo waliokufa pale baada ya kumaliza salama ile sehemu waliyokuwa wakiiogopa.

Tangu hapo nachagua mlima kinyumenyume. Nauliza kwanza nitashukia wapi, halafu nitapandia wapi, na mgongo wenyewe unakuja mwisho.

Nilikwenda pia kufundishwa siku mbili kule Glenmore Lodge, karibu na Aviemore. Wanakulaza chali kwenye mteremko, kichwa kikiwa chini, wanakuachia uteleze, na wewe ujigeuze ukite shoka la barafu mpaka usimame. Inachekesha mara tatu za mwanzo. Viatu vyangu vya kiangazi vilikataliwa asubuhi ya kwanza, kwa sababu soli ikikunjika kramponi, yaani meno ya chuma yanayofungwa chini ya kiatu, huchomoka, na kramponi ikikuchomoka mahali pabaya hakuna cha kukushika. Nikaazima vigumu. Lakini kilichobadilisha uchaguzi wangu hasa ni somo la jioni, la kusoma upepo.

Mimi nilidhani theluji inatoka mbinguni, basi. Kumbe nyingi inatoka mlima wa jirani. Upepo wa kusini-magharibi, ambao ndio mwenyeji wa Uskoti, unaifagia theluji upande unaovuma na kuilundika upande wa pili, yaani miteremko ya kaskazini na mashariki. Lundo hilo linakaa juu ya tabaka la zamani bila kushikana nalo vizuri, na uzito wa mtu mmoja unatosha kuliporomosha. Ukingoni juu hujijenga kama upenu wa nyumba, unaning'inia hewani. Ukiwa juu yake unaona ardhi nyeupe kama nyingine, kumbe chini yako hamna kitu. Kwa hiyo mgongo wa mlima mara nyingi ndio mahali salama, umefagiliwa mpaka mawe yanaonekana. Hatari iko kwenye mteremko unaoupita ili uufikie, au ule unaoukimbilia ukichoka.

Ndiyo maana jioni ya kuamkia safari nafungua taarifa ya maporomoko ya theluji ya SAIS, huduma ya Uskoti inayotoa taarifa hizo. Kuanzia katikati ya Desemba wanaitoa kila siku kwa maeneo sita, Lochaber, Glencoe, Creag Meagaidh, Torridon, na Cairngorms kaskazini na kusini. Ina mchoro wa duara uliogawanywa kwa pande za dira na kwa kimo, umepakwa rangi za hatari. Naweka ramani pembeni, nafuata njia yangu kwa kidole, na kila inapobadili uelekeo natazama rangi ya upande huo. Njia ikipita penye rangi ya machungwa hata kwa mita 100, naifuta. Kisha naangalia upepo wa vileleni. Ukizidi kilomita 50 kwa saa, migongo myembamba yote naiacha. Wapo wanaonicheka kwa hilo. Kituo cha kupimia hewa kilichoko juu ya Cairn Gorm kilipata upepo wa kilomita 278 kwa saa Machi 1986, basi wacheke tu.

Mtego mwingine ni madaraja ya ugumu wa njia. Kiangazi kuna daraja la kukwea kwa mikono, la kwanza ndilo jepesi. Theluji ikianguka hilo halifai tena, kuna madaraja mengine ya majira ya baridi, na njia iliyokuwa mchezo mwezi wa saba inaweza kuhitaji kamba mwezi wa pili. Aonach Eagach pale Glencoe ni mfano mzuri. Jina lenyewe kwa Kigaeli ni mgongo wenye mapengo. Ukishaanza huna mahali salama pa kuteremkia katikati, ama umalize ama urudi ulikotoka, na kwenye theluji watu hujikuta wamefika gizani. Picha yake ninayo kwenye simu. Kwa majira ya baridi ibaki picha.

Tulianza upya na Buachaille Etive Beag, huko huko Glencoe. Basi la kutoka Glasgow linapita barabara hiyo ya A82, na njia inaanzia kandokando yake. Niliuchagua kwa sababu ya umbo. Unapanda mpaka kwenye kitako kati ya vilele viwili, mita 750 hivi, na hapo ndipo pa kuamua. Kushoto kuna Stob Coire Raineach, mita 925, karibu. Kulia kuna Stob Dubh, mita 958, mbali kidogo, na mwisho wake mgongo unakuwa mwembamba kiasi cha kukufanya uangalie unapokanyaga. Hewa ikiharibika unarudi kwa nyayo zako mwenyewe. Tulifika vyote viwili, tukala maandazi. Chokoleti kwenye baridi ile inakuwa kokoto, andazi linabaki andazi.

Katikati ya Februari tukaenda Cairngorms, kwenye mgongo wa Fiacaill Coire an t-Sneachda. Fiacaill maana yake jino, na kwa majira ya baridi ni daraja la kwanza kwenda la pili. Taarifa ilisema theluji imelundikana kaskazini na mashariki, na bonde lile la Coire an t-Sneachda limeangalia kaskazini. Lakini Fiacaill unaupandia mgongoni tangu chini, bondeni huingii. Na kushuka kuna Fiacaill a' Choire Chais, mgongo mwingine, mpana, unaokurudisha hadi maegesho ya kituo cha ski. Kupanda mgongo, kushuka mgongo. Urefu wa mchana nao ulikuwa umeshafika saa tisa na nusu za mwanga.

Sehemu ya chini ni mawe mapana, huchoshi akili. Juu kidogo mgongo unasimama na kukonda, mabamba ya mawe yameegemeana, katikati yake theluji ngumu. Palipokuwa pagumu tulikwepa kwa kulia. Nilikuwa nimekumbatia bamba moja, kramponi zinakwaruza jiwe kwa ule mlio wa kijiko kwenye sufuria, nikasikia simu inatetemeka mfukoni. Najua ni nani anayepiga Jumamosi saa hiyo. Nilimpigia nikiwa juu, kwenye uwanda karibu na Cairn Lochan.

"Mwanangu, mbona unahema hivyo?"

"Niko mlimani, mama."

"Huko mlimani kuna nini?"

Nikatazama. Kulikuwa na theluji na upepo. "Hakuna kitu, mama."

"Basi shuka."

Tulishuka, mbali na ukingo wa kushoto, maana upenu wa theluji ulikuwa umetanda pale juu ya bonde na nyayo za mtu fulani zilikuwa zimepita karibu nao mno. Kukwea kwenyewe kwa mikono hakukuchukua hata saa moja na nusu, siku nzima iliyobaki ilikuwa kutembea.

Wiki iliyopita tulikuwa na majina matatu kwenye karatasi. La kwanza lilikufa kwa rangi ya machungwa, mengine mawili kwa upepo. Dada akasema, "Kaka, sasa hata hii karatasi umeimaliza." Tukaenda Conic Hill, kando ya Loch Lomond, ambao haufiki hata mita 400. Mvua ikatunyeshea tangu tulipoteremka kwenye gari, na maandazi tuliyamaliza kabla ya kufika juu.