Tope lililokaukia kwenye injini: nilivyolitoa bila kuharibu nyaya

Baada ya safari ya matopeni nililiacha gari siku kadhaa, nikaendelea kulitumia hivyohivyo. Joto la injini likalikausha tope hadi likawa gumu kama tofali, na mshale wa joto ukawa unapanda kila nikikwea mlima. Mapezi ya rejeta, yaani vibati vyembamba vinavyopitisha hewa ya kupoza maji ya injini, yalikuwa yamezibwa.

Mashine ya presha sikuitumia. Maji yake hupenya kwenye soketi za nyaya na beringi za alteneta (kifaa kinachochaji betri), na maji baridi juu ya chuma cha moto yanaweza kukipasua. Nilisubiri injini ipoe kabisa, nikachomoa terminali hasi ya betri, nikafunika alteneta, sanduku la fyuzi na mdomo wa kuvutia hewa kwa mifuko ya nailoni.

Kazi yenyewe ni kulilainisha, na hapa haraka haifai. Nilinyunyiza maji, nikaacha dakika 15, nikarudia mara 3. Tope likaanza kumeguka lenyewe. Lililobaki nikaliondoa kwa kijiti cha plastiki na brashi laini. Bisibisi usiiguse, inatoboa mipira! Penye mafuta nilipaka sabuni ya kuondoa grisi, nikasuuza kwa maji ya taratibu.

Rejeta niliisuuza kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili tope litokee lilikoingilia. Polepole, maana mapezi yake hupinda hata kwa kidole.

Nikaondoa mifuko, nikakausha soketi kwa upepo wa kompresa, nikarudisha terminali na kuwasha. Mlima uleule, mshale ukatulia katikati.