Wote Waliozaliwa Tarehe 1 Januari

Nilipoitwa kwenye usaili wa uhandisi wa programu serikalini, nilikuwa nimetoka kampuni binafsi, nikajiandaa kama tulivyozoea huko: algoriti, miundo ya data, kasi ya utafutaji. Nilijua kwamba katika orodha iliyopangwa yenye rekodi 1,000,000, ukitafuta kwa kugawa nusu kwa nusu huzidishi ulinganisho 20, na ningeweza kulithibitisha hilo hata nikiamshwa usiku wa manane.

Dada yangu ndiye aliyeyageuza maandalizi yale. Amefanya kazi miaka mingi kwenye dirisha la huduma katika ofisi ya umma, akipokea fomu na kutafuta watu kwenye mfumo. Nilimwomba awe jopo. Nikampa maswali niliyoyaandika, akaiweka karatasi kando.

"Haya, mdogo wangu. Amekuja mzee, hajui tarehe aliyozaliwa, na mfumo wako haupokei fomu bila tarehe. Karani atamwandikia 1 Januari. Na anayefuata hivyo hivyo. Sasa nitafutie Asha Juma, aliyezaliwa 1 Januari. Yupi?"

Tulikesha na swali hilo. Tulichora jedwali upya: mwaka peke yake, mwezi na siku peke yake, na alama inayoonyesha kama tarehe ni ya uhakika au ya kukadiria. Kila mtu na namba yake isiyobadilika, maana jina hubadilika kwa ndoa na kwa makosa ya makarani. Kisha akaniuliza, "Na mimi nikiamua kuchungulia faili la jirani yangu?" Hapo tukaingia kwenye mipaka ya ruhusa, na kumbukumbu ya nani alifungua nini na saa ngapi, ambayo karani mwenyewe hawezi kuifuta.

Nilisoma pia habari za HealthCare.gov, tovuti ya serikali ya Marekani ya kujisajili bima ya afya. Siku ilipofunguliwa, 1 Oktoba 2013, watu 6 tu ndio waliofanikiwa kujisajili hadi mwisho. Iliniuma kuisoma. Kampuni ikimkera mteja, anahamia kwingine. Mwananchi anayedai haki yake hana pa kuhamia, na naamini anayejenga mfumo wa serikali anapaswa kuanzia hapo.

Mtihani wa kuandika ulipita salama. Kabla ya ana kwa ana, dada alinionya kwamba wasaili wasingetabasamu wala kutikisa kichwa. Kila msailiwa husomewa maswali yale yale na alama hutolewa kwa kilichotamkwa, kwa hiyo nisiache hatua yoyote kwa kudhani wanaijua. Ni ushauri bora kuliko wote niliowahi kupewa kuhusu usaili.

Waliuliza ningehamishaje taarifa za wananchi kutoka mfumo wa zamani. Nikasema kwanza ningehesabu waliozaliwa 1 Januari. Mmoja akaacha kuandika.

"Ukikuta ni wengi mno?"

"Sifuti, wala sibuni tarehe nyingine. Nawahamisha kama walivyo, nawawekea alama ya makadirio, na tarehe inasahihishwa mhusika anapofika dirishani na uthibitisho wake. Wakati huo wote huduma yake haisimami."

Akaandika kwa muda mrefu, kisha wakasoma swali lililofuata.