Siku niliyopewa jina la Nokhaya

Desemba ya 2009 niliolewa katika kijiji kilicho karibu na Ngcobo, jimbo la Eastern Cape, Afrika Kusini, na wanawake wa ukoo wa mume wangu wakanipa jina la Nokhaya. Ndilo wanaloniita mpaka leo. Jina nililobatizwa Morogoro halitamkwi pale kijijini, na sidhani kama watoto wa mashemeji zangu wanalijua. Ndugu zangu wa Tanzania wengi walisikia nusu tu ya habari hii, kwamba "walimbadilisha jina", wakanihurumia. Nusu ya pili haijawafikia.

Kwa Waxhosa, bibi harusi, yaani makoti, huchaguliwa jina na wanawake wa mji anaoingia. Mara nyingi jina hilo huanza na No-. Katika lugha za Wanguni, Kixhosa na Kizulu zikiwemo, silabi hiyo hulitwaa neno la kawaida na kulifanya jina la kike. Mvua ni imvula, na msichana aliyezaliwa mvua ikinyesha huitwa Nomvula. Ithemba ni tumaini, ndiko anakotoka Nomathemba. Ukuthula ni kutulia, ni amani, ndipo tunampata Nokuthula. Winnie Mandela alizaliwa Bizana mwaka 1936 akapewa jina la Nomzamo, neno lenye kujitahidi ndani yake na kupita katika majaribu. Alipoolewa na Nelson Mandela mwaka 1958, ukoo wa mume ukamwita Nobandla. Nani atasema kwamba jina la kwanza halikumwelekeza?

Sisi nasi tuna akina Masika na Chausiku, tuna akina Tabu na Sikudhani, majina yanayosimulia siku mtu alipozaliwa au hali waliyokuwa nayo wazazi. Lakini hayo hupewa mtoto mchanga asiyesikia. Mimi nilipewa langu nikiwa mtu mzima, nimekaa kwenye mkeka, nasikia kila neno linalosemwa juu yangu.

Mume wangu ni mzaliwa wa Mazimbu, nje kidogo ya mji wa Morogoro. Mama yake alitoroka Afrika Kusini akiwa msichana, baada ya mauaji ya Soweto ya 1976, akafika kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mazimbu lilikuwa shamba la zamani la mkonge ambalo Tanzania iliwapa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, mwaka 1977. Wakajenga pale shule na kuipa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Walioishi pale walikuwa pia na majina ya safari, majina ya kuficha ndugu waliobaki nyumbani wasisumbuliwe na polisi wa makaburu. Mama mkwe alikuwa nalo la kwake. Alifunga ndoa hukohuko ugenini, bila mbuzi na bila wazee. Aliporudi mwaka 1991 na mtoto mkubwa mkononi, ndipo wanawake wa ukoo walipomkalisha chini, wakamtambulisha kwa wahenga na kumpa jina la makoti kwa kuchelewa.

Jina hilo mimi silitamki, na hapa pia sitaliandika. Mke wa Kixhosa hayataji majina ya wakwe zake. Walioshika desturi sawasawa huepuka hata silabi zake, wakatafuta neno jingine la kusemea kitu kilekile. Naweza kusema maana yake tu. Ni mama wa nchi nyingi.

Nilifika kijijini na mama yangu mdogo, aliyekuwa hajawahi kupanda ndege. Nilivalishwa sketi ndefu ya shweshwe ya buluu, kitambaa cheusi kichwani kimeshuka mpaka karibu na nyusi, blanketi jepesi mabegani. Nilionyeshwa pa kupita na pasipopitwa. Uwanja ulio kati ya nyumba kubwa na zizi la ng'ombe makoti haukatizi, kwa sababu zizi ni mahali pa wahenga na wanaume. Mbuzi alikuwa amekwisha kuchinjwa. Nilikuwa nisubiri kula nyama yake pamoja na amasi, maziwa ya mgando ya mji ule. Mpaka makoti apewe kwa mkono wao, maziwa ya pale hayagusi.

Kabla ya jina likaja swali la ukoo. Shangazi mkubwa wa mume wangu, ambaye watoto wote humwita Dadobawo, aliuliza ukoo wa baba yangu, kwa sababu kwao mwanamke hubaki na ukoo wa baba yake hata akiolewa, na huitwa kwa huo kwa heshima. Mama mkwe akamtafsiria mama mdogo kwa Kiswahili chake cha soko la Morogoro. Mama mdogo akajibu kwamba sisi ni Waluguru, ukoo tunaufuata kwa mama. Wanawake walitazamana. Mmoja akauliza kama baba yangu hana lake hata kidogo. Ulizuka mjadala mrefu, mama mdogo akieleza habari za wajomba na mashamba ya mlimani, mpaka Dadobawo akapiga goti lake kwa kiganja na kusema ukoo ni ukoo, uje kwa mama au kwa baba, na wauandike hivyo kichwani.

Kisha akasema jina alilokuwa amelifikiria ni Nozizwe.

Kixhosa changu kilikuwa kichanga, lakini neno hilo nililijua. Isizwe ni taifa au kabila, izizwe ni mengi. Nozizwe ni jina zuri na la heshima. Naibu waziri wa afya wa nchi hiyo kuanzia 2004 hadi 2007 alikuwa Nozizwe Madlala-Routledge. Walinipa kwa nia njema kabisa. Hata hivyo moyo wangu ulishuka.

Naomba msomaji anielewe. Ilikuwa imepita mwaka na nusu tu tangu Mei 2008, fujo zilipoanzia Alexandra, Johannesburg, zikasambaa mikoani. Watu zaidi ya 60 waliuawa na maelfu kwa maelfu wakahama makazi, wengi wao Waafrika waliotoka nchi nyingine. Nilikuwa nimepanga chumba Johannesburg wakati huo. Kwa majuma mengi, simu ya nyumbani ikiita nikiwa kwenye teksi, zile daladala zao, sikuipokea, maana ningelazimika kujibu kwa Kiswahili mbele ya watu. Nilijifunza kuomba kushushwa kwa Kizulu kifupi kisichoonyesha lafudhi. Na sasa jina ambalo ningeitwa maisha yangu yote lingetangaza nilikotoka kabla mimi mwenyewe sijafungua mdomo.

Makoti hazungumzi katika kikao kile. Niliinamisha macho. Mama mkwe ndiye aliyesema, naye pia kwa unyenyekevu, kwa sababu Dadobawo ni binti wa mji ule na yeye ameingia kwa kuolewa kama mimi.

"Dada, naomba kusema."

"Sema."

"Mnataka jina lake lifuatane na langu."

"Yafuatane, ndiyo. Wewe ulitoka kule nje, mwanao ameleta mke kutoka kulekule. Ni vizuri."

"Jina langu mlinipa kwa upendo na sijawahi kulikataa. Lakini ni miaka kumi na minane sasa, kila mgeni anayelisikia huuliza nchi zipi. Nami naanza tena kusimulia nilikokuwa. Nimerudi zamani, dada, lakini jina langu bado liko njiani. Huyu mpeni jina la mtu aliyefika."

Hakuna aliyejibu haraka. Dadobawo alimgeukia mama mdogo, akauliza kwa kupitia tafsiri, "Huyu wifi yangu alipokuwa kwenu, mlimwita nani?"

Mama mdogo hakuwa amemfahamu mama mkwe enzi zile, ila watu wa Mazimbu alikuwa akiwaona sokoni kila wiki. Akasema, "Wapo waliowaita wakimbizi, sitadanganya. Lakini mwanamke mwenye mtoto sisi tunamwita mama fulani, kwa jina la mtoto wake. Alikotoka hatuna haja napo."

Mama mkwe alipomaliza kutafsiri alikuwa anatabasamu, akaongeza la kwake, kwamba muuza nyanya mmoja alikuwa akimwita hivyo na kumwekea fungu pembeni. Wakaanza kutaja majina mengine. Nolusapho, kwa ajili ya familia. Nokwakha, kwa ajili ya kujenga. Wake wa mashemeji, ambao hapo mwanzo walikaa kimya, sasa walikuwa wakipendekeza na kupingana, na kila jina lilipotajwa alitafutwa mwanamke wa pale kijijini aliye nalo ili waone amekuwa mtu wa namna gani. Moja lilikataliwa kwa sababu mwenye nalo wa kwanza alikuwa mgomvi. Niliona jinsi walivyoichukua kazi ile kwa uzito, na woga wangu ukapungua.

Dadobawo ndiye aliyemaliza. "Nokhaya," alisema, na aliyekuwa karibu na mlango akapiga kigelegele kabla wengine hawajakubali.

Mama mdogo akanigusa ubavu. "Kaya? Wamesema mama wa kaya?"

Ndivyo walivyosema. Ikhaya ni nyumbani kwa Kixhosa, na hatukuhitaji mkalimani, maana kaya ni yetu pia, ile ya mkuu wa kaya kwenye daftari la balozi, ile ya misitu mitakatifu ya Wamijikenda. Nikapewa nyama ya mbuzi, nikapewa amasi katika kibakuli, na kila mwanamke akapita mbele yangu akilitamka jina lile mara moja, pamoja na agizo. Nokhaya, mlango wako usifungwe mchana. Nokhaya, wazee wale kwanza. Nokhaya, mume akikosea njoo kwetu, usikimbilie kwa majirani.

Nawajua wanawake, hata Waxhosa wenyewe, walioyakataa majina ya ndoa. Wanasema mtu mzima mwenye jina lake hapaswi kubatizwa upya kwa sababu ameolewa, na mume hapewi chochote cha kufanana na hicho. Hoja hiyo ni ya kweli na sina la kuipinga. Binti zangu wakikataa siku yao ikifika, nitasimama nao. Mimi sikupoteza la kwangu. Liko kwenye pasipoti, liko kazini, na Kihonda, mtaa niliokulia, hawalijui jingine. Nokhaya lina kazi yake mahali pake, na kuna watu ambao kwao ni mimi mzima.

Nilichokipata kwa jina lile nilikiona wazi Aprili 2015. Fujo zilikuwa zimezuka tena, safari hii Durban kwanza, kisha Johannesburg. Tulikuwa tunakaa mtaa usio na shida, watoto wanaenda shule kama kawaida, lakini usiku nilikuwa silali vizuri. Simu ya kwanza haikutoka Morogoro. Alipiga Dadobawo, yule aliyetaka niitwe Nozizwe. Hakunisalimu kwa urefu kama kawaida yake.

"Nokhaya, chukua watoto mje nyumbani. Mwanangu akitaka kubaki na kazi yake abaki, wewe njoo."

Nilimwambia tutaondoka Ijumaa usiku. Akauliza kama wale wadogo bado wanapenda mkate wa mvuke, na kama nina pesa ya mafuta ya gari. Nilipojibu kwamba ninayo, akasema niongeze tangi Queenstown, kwa sababu kituo cha Ngcobo hakina mafuta wiki hiyo.