Daraja Lililokaa Kimya

Tarehe 12 Januari 2021, siku mbili kabla ya uchaguzi mkuu, Rais Museveni alitangaza kwenye televisheni kwamba Facebook inafungwa Uganda, baada ya kampuni hiyo kuondoa akaunti zilizokuwa zikikipigia debe chama chake. Jioni ya siku iliyofuata intaneti yote ilizimwa. Siku hizo hakuna ujanja uliofaa, kwa sababu proksi ya kujificha, yaani seva ya kati ya kukupitishia mawasiliano, huhitaji njia ya kupitia, na njia yenyewe haikuwapo. Intaneti iliporudi tarehe 18, mitandao ya kijamii ilibaki imefungwa, na hapo ndipo kazi yangu ilipoanza, nyumbani kwa shangazi yangu, Nsambya.

Shangazi huuza vitenge kwa jumla, na wateja wake wengi wa Goma na Bukavu huagiza kupitia ukurasa wake wa Facebook. Tangu Julai 2018, serikali ilipoweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii, alikuwa amezoea kuikwepa kwa VPN ya bure, programu inayofunga mawasiliano kwa siri na kuyapitisha kwenye seva ya kwingine. Safari hii VPN hiyo iligoma kabisa.

"Mwanangu, si ulisema hiki kitu kinaficha kila kitu?"

Nilimweleza kwamba kinaficha maneno, lakini hakifichi kwamba kuna jambo linalofichwa. Ni kama barua yenye lakiri: karani wa posta hawezi kuisoma, lakini lakiri anaiona, na akiamriwa azuie barua za namna hiyo atazizuia zote.

Kwa hiyo niliamua kutumia Tor, mtandao unaopitisha mawasiliano kwenye seva kadhaa duniani ili kumficha mtumiaji, pamoja na daraja la obfs4. Daraja ni seva ya kuingilia isiyotangazwa hadharani, na obfs4 huvuruga umbo la mawasiliano mpaka yaonekane kama baiti zilizomwagwa ovyo, zisizofanana na itifaki (utaratibu wa mawasiliano) yoyote inayojulikana. Madaraja niliyaomba kwa barua pepe, ambayo ilikuwa ikipita bila kizuizi. Kila mstari ulikuwa na anwani, namba ya mlango, alama ya utambulisho, kisha cheti kirefu kisichosomeka, ambacho herufi moja ikidondoka wakati wa kunakili, kazi yote ni bure. Kivinjari cha Tor nilikuwa nacho kwenye flashi, na nilihakiki kwanza sahihi yake ya kidijitali, maana siku kama zile programu za kuokotwa huku na huku ni hatari kuliko kizuizi chenyewe.

Nilibandika mstari, nikabonyeza kuunganisha. Seva haikukubali wala haikukataa. Ilikaa kimya, kisha baada ya muda ikakata. Daraja jingine likafanya vilevile. Lakini kwenye simu yangu, kupitia Orbot, programu ya Tor ya simu, na laini ileile, mstari wa kwanza uliunganisha mara moja. Tatizo lilikuwa kwenye laptopu.

Kimya hicho kimekusudiwa. Mdhibiti anayeishuku seva fulani anaweza kuibishia hodi mwenyewe ili aone kama ni daraja. Ndiyo maana obfs4 haimjibu asiyetoa salamu sahihi, na salamu hiyo hukokotolewa kwa cheti pamoja na saa iliyopo, ikivumilia tofauti ya saa moja tu mbele au nyuma. Ulinzi huo ninauhusudu, ingawa alasiri ile ulinitesa mimi badala ya mdhibiti.

Saa ya ukutani na ya laptopu zilikubaliana, zote zikionyesha saa tisa na dakika arobaini. Nilifungua mipangilio hata hivyo. Laptopu ilikuwa ya mtumba kutoka Uingereza, na ukanda wake wa saa ulikuwa bado wa London. Aliyeiuza alisogeza tu tarakimu zifanane na saa ya Kampala. Kwa kuwa Kampala ilikuwa saa tatu mbele ya London, basi, kwa hesabu ya ndani ya mashine tulikuwa saa tatu mbele ya dunia nzima. Tovuti za kawaida hazikujali, kwa kuwa vyeti vyake vya usalama hudumu miezi kadhaa. Nilibadili ukanda, nikasahihisha saa, na daraja likajibu papo hapo.

Facebook, ilipomwona shangazi akiingia kutoka nchi ya mbali, ilidai msimbo wa uthibitisho, nao ukaja kwa ujumbe mfupi kwenye simu yake. Picha za vitenge zilipanda polepole mno, akanung'unika, lakini oda za Goma zilikuwa zikimsubiri. Tarehe 10 Februari mitandao mingine ilifunguliwa, Facebook ikabaki imefungwa, nami nikaliacha daraja lile ndani ya laptopu yake.