Kitanda Kinatazama Wapi? Safari ya Hospitali za Kale kutoka Beaune hadi Siena

Treni ya asubuhi kutoka Dijon ilinishusha Beaune, mashariki mwa Ufaransa, mwezi wa Februari, wakati mizabibu imebaki vijiti vitupu na baridi inauma masikio. Nilikuwa na begi moja, daftari la karatasi za miraba, na swali nililolibeba tangu nyumbani. Miaka michache iliyopita nilimuuguza mama yangu kwa wiki tatu katika wodi ndefu yenye safu mbili za vitanda, na siku moja aliniomba nihamishie mto wake upande wa miguuni, kwa sababu alikuwa amechoka kuutazama ukuta mweupe uliokuwa mbele yake. Mimi ni msanifu majengo. Nimechora zahanati mbili na sehemu ya kituo cha afya, na katika michoro yote hiyo sikuwahi kujiuliza mtu aliyelala ataona nini. Nilipoanza kusoma habari za hospitali za Ulaya zilizojengwa kati ya karne ya 13 na ya 17, nilikuta kwamba mafundi wa wakati ule walilianza jengo kwa swali hilo hilo, nami nikaanza kuweka akiba ya nauli.

Ukiwa barabarani, Hôtel-Dieu, hospitali ya kale ya Beaune, haikuambii kitu: ukuta wa mawe na paa refu la kijivu. Ukishavuka lango ndipo unapokutana na ua uliozungukwa na mapaa ya vigae vinavyong'aa, vyekundu, vya njano, vya kijani na vya kahawia, vilivyopangwa kama ukili wa mkeka. Vigae hivyo viliwekwa upya mwanzoni mwa karne ya 20, jambo ambalo halikuwazuia wageni wenzangu kumaliza chaji ya simu zao hapo hapo. Mimi nilikuwa na haraka ya kuuona ukumbi wa wagonjwa.

Walioianzisha hospitali hiyo mwaka 1443 ni Nicolas Rolin, waziri mkuu wa mtawala wa Burgundy, na mkewe Guigone de Salins, wakati nchi ilikuwa bado inatweta kutokana na vita virefu, njaa na tauni. Mgonjwa wa kwanza alilazwa tarehe 1 Januari 1452, na huduma za tiba hazikuhamia kwenye majengo mapya hadi mwaka 1971. Ukumbi wa maskini, kama unavyoitwa, una urefu wa takriban meta 50, upana wa meta 14 na kimo cha meta 16. Nilipoinua macho nilijikuta nasema peke yangu kwa sauti, kwa maana dari ile ni jahazi lililopinduliwa: mataruma ya mbao yamejikunja pande zote mbili na kukutana juu mahali ambapo mkuku ungekuwa, na boriti zinazokatisha kutoka ukuta hadi ukuta zimemezwa ncha zake na vichwa vya madubwana vilivyochongwa na kupakwa rangi.

Vitanda vimepangwa kwa safu mbili, kila kimoja na mapazia yake mekundu. Hivi tunavyoviona ni vya ukarabati wa miaka ya 1870. Katika karne za mwanzo kitanda kimoja kililaza wagonjwa wawili, na si ajabu, kwani mwili wa jirani ndio uliokuwa joto la uhakika katika ukumbi mkubwa kiasi kile. Nilichutama kando ya kitanda kimoja hadi jicho langu likawa sawa na mto, nikatazama. Mlinzi alinijia mara moja akidhani nimeanguka, kisha alipoiona futi mkononi mwangu akanikemea kwa Kifaransa cha haraka ambacho sikukihitaji kukielewa chote. Nikairudisha futi mfukoni, nikaupima ukumbi kwa hatua: sitini na saba.

Lakini nilikuwa nimekwisha kuona. Mwisho wa ukumbi, bila ukuta wa kuzuia, kuna kanisa dogo, na wodi na kanisa ni chumba kimoja kilichogawanywa na kizuizi cha mbao chenye uwazi. Nyuma ya altare ya kanisa hilo ndipo ilipowekwa picha ya Hukumu ya Mwisho ya Rogier van der Weyden, iliyochorwa kwa paneli nyingi zenye bawaba, ambazo zilifunguliwa Jumapili na siku za sikukuu tu. Leo picha hiyo iko katika chumba chake chenye giza. Malaika Mikaeli amesimama katikati akiwa na mizani, anawapima wafu, na upande mmoja wanakwenda peponi huku wengine wakivutana kuelekea motoni. Nilikaa mbele yake muda mrefu nikimfikiria mtu mwenye homa akifunguliwa picha hiyo asubuhi ya Jumapili. Kwa kweli ningekuwa mimi, ningeomba paneli zifungwe. Hata hivyo mjenzi alikuwa na hoja yake: hospitali ya wakati ule ilikuwa na dawa chache, na tiba iliyokuwa na hakika nayo ni ya roho, kwa hiyo alihakikisha kwamba asiyeweza kuinuka anaweza kuifuata misa akiwa kitandani.

Katika chumba kingine, walikolazwa waliokaribia kufa, sehemu ya sakafu imewekwa kioo, na chini yake unauona mto Bouzaise ukipita. Uchafu wote wa hospitali ulitupwa humo. Nadhani wanaoishi upande wa chini wa mto walikuwa na maoni yao.

Kwenda Milan, Italia, kulinichukua siku nzima, treni tatu na basi moja, na sitayasimulia zaidi ya kusema kwamba nilikula biskuti mara tatu. Kesho yake niliingia Ca' Granda, yaani Nyumba Kubwa, ambayo ilikuwa Ospedale Maggiore, hospitali kuu ya mji, na sasa ni makao ya chuo kikuu. Wanafunzi walikuwa wamekaa kwenye ngazi za ua wakila mikate, na sehemu ya jengo lenye umbo la msalaba, walipolala wagonjwa, sasa ni maktaba.

Hapa hadithi inabadilika. Katikati ya karne ya 15 Milan ilikuwa na hospitali ndogo ndogo nyingi zilizotapakaa, nyingine zikiwa na vitanda vichache na mali iliyotafunwa na wasimamizi, na wazo likawa kuziunganisha zote katika hospitali moja kubwa. Mtawala Francesco Sforza alimpa kazi hiyo Antonio Averlino, maarufu kama Filarete, na jiwe la msingi likawekwa mwaka 1456. Filarete alichora majengo mawili ya msalaba, moja la wanaume na jingine la wanawake, yakitenganishwa na ua mkubwa wenye kanisa. Mahali ambapo mikono minne ya msalaba inakutana ndipo altare ilipokaa, na kwa mpango huo safu nne za wodi zikapata kitu kimoja cha kutazama, na mhudumu aliyesimama pale katikati akawaona wote. (Cairo ilikuwa na hospitali ya Sultani Qalawun tangu mwaka 1284, yenye kumbi nne zilizouzunguka ua wa maji, na mjadala wa wanahistoria kuhusu ukoo wa mpango huu haujaisha.)

Kilichonifanya nimpende Filarete, hata hivyo, ni vyoo. Katika kitabu chake cha usanifu ameeleza kwa fahari kubwa jinsi alivyoweka njia nyembamba nyuma ya vitanda, zenye vyoo vilivyokaa juu ya mifereji, na jinsi maji ya mfereji mkuu wa mji pamoja na ya mvua yatakavyopita chini na kusukuma kila kitu nje, huku harufu ikipandishwa juu kwa mabomba ya hewa ndani ya kuta. Nimewahi kukaa kwenye vikao vya ujenzi ambamo vyoo vya wodi vilijadiliwa kwa dakika mbili za mwisho, watu wakiwa wamekwisha kufunga mafaili. Ua mkubwa wenyewe ulikamilishwa karne ya 17 kwa fedha za wasia wa mfanyabiashara, ukabomolewa kwa mabomu Agosti 1943, kisha ukajengwa tena kwa kukusanya mawe yake yaliyovunjika. Ukiyaangalia matao kwa karibu utaona mahali ambapo jiwe jipya limeungwa na la zamani, kama jino la bandia.

Kabla ya kuanza kujenga, Filarete alitumwa Florence na Siena kuzichunguza hospitali za huko, na Sforza mwenyewe aliomba apatiwe mchoro wa ile ya Santa Maria Nuova. Kwa hiyo kuanzia Milan nilikuwa nafuata njia yake, ila yeye hakuwa na treni.

Santa Maria Nuova ya Florence ilianzishwa na Folco Portinari mwaka 1288 na hadi leo inatibu watu. Gari la wagonjwa liliingia king'ora kikilia nikiwa nimesimama chini ya baraza lake la matao. Ni humo Leonardo da Vinci alikaa na mzee aliyemwambia kwamba amepita miaka mia, akamwona akifariki kwa utulivu, kisha akaupasua mwili wake ili ajue sababu ya kifo cha upole namna ile. Wodi sikuingia. Niliwakuta ndugu za wagonjwa wakisubiri na vyombo vya chakula magotini, nikaona daftari langu halina kazi pale.

Siena nilifika kwa basi, jioni. Hospitali ya kale ya huko, Santa Maria della Scala, inatazamana na kanisa kuu, na nyuma inateremka mlimani ghorofa baada ya ghorofa, ikiwa na barabara iliyomo ndani ya jengo lenyewe. Ukumbi wake uitwao Pellegrinaio ulichorwa kutani na Domenico di Bartolo na wenzake miaka ya 1440, na hapa aliyelala hakuonyeshwa hukumu. Alionyeshwa hospitali yake mwenyewe: kijana mwenye jeraha pajani anaoshwa, tabibu ameinua chupa ya mkojo kwenye mwanga, mtawa anamsikiliza mgonjwa mwingine akiungama, na chini, mahali ambapo hakuna mkubwa anayeangalia, mbwa na paka wanagombana.

Nilichutama kama kawaida yangu. Mlinzi, mzee mwenye sweta la kijani, alinisogelea, nami nikajiandaa kukemewa. Msichana mmoja aliyekuwa akichora pembeni alinitafsiria kwamba mzee anasema nimechutama mahali pabaya. Ukumbi huu uliendelea kulaza wagonjwa hadi karne iliyopita, na yeye alilazwa humu akiwa mtoto, na kitanda chake kilikuwa kule, karibu na dirisha. Akanishika mkono akanipeleka. Nilimuuliza kutokea pale alikuwa akiona nini.

"Madaktari hawaonekani vizuri," alisema, akiinama kidogo ili kuhakikisha. "Mimi nilikuwa namwona mbwa."