Mbao za besi ya kwaya

Masika ya 2018, ile iliyoifurikisha Jangwani, Dar es Salaam, iliiua besi ya kwaya yetu, yaani gita la umeme la nyuzi nne nene. Haikulowa. Ilikuwa imening'inizwa ukutani kwenye chumba cha vyombo, kanisani kwetu Temeke, ila unyevu uliingia kwenye shingo na shingo ikajinyonga: ukiitazama kutokea kichwani unaona upande wa uzi mnene umepanda na upande wa uzi mwembamba umelala. Kile chuma cha kurekebishia kinachopita ndani ya shingo kinaweza kunyoosha shingo iliyopinda kwenda mbele au nyuma. Iliyojinyonga hakiiwezi. Tukabaki na pikapu nzima, yaani kinasa sauti cha gita, daraja zima linaloshika nyuzi mwilini, vikazio vinne vizima vya kukazia nyuzi kichwani, na mbao isiyofaa.

Mpiga besi nilikuwa mimi, na bei za Kariakoo nilikuwa nazijua. Nikaifunga ile maiti kwenye shuka nikaenda nayo Keko kwa mjomba, kaka yake mama, ambaye ametengeneza milango na vitanda tangu sijazaliwa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Nani huyo umemviringisha?"

Nilikuwa nimeshaichora besi mpya kwenye hadibodi kwa ukubwa wake halisi. Kutoka kwenye kile kipande cha mfupa kinachoshika nyuzi kichwani hadi kwenye daraja, milimita 864, yaani inchi 34. Kipimo hicho ndicho alichokitumia Leo Fender, fundi redio wa Fullerton, California, alipotoa gita lake la besi, Precision Bass, mwaka 1951, na besi nyingi mpaka leo zinakifuata. Feti, vile vyuma vyembamba vinavyokatisha shingo, unazipata kwa kugawanya. 864 gawanya kwa 17.817, unapata milimita 48.5, hapo ndipo feti ya kwanza inapokaa. Urefu unaobaki unaugawanya tena kwa namba ileile, unapata nafasi ya kutoka ya kwanza hadi ya pili, na unaendelea hivyo hadi ya 20. Ya 12 lazima iangukie katikati kabisa, milimita 432. Mjomba hakuhangaika na hizo desimali. Alipima pande zote mbili za feti ya 12 kwa futi yake ya chuma, zikalingana, akairudisha futi mfukoni.

"Sasa hizi nyuzi, zinavuta uzito gani?"

"Zote nne kwa pamoja, kilo 80 hivi."

"Zikishakazwa, huwa mnazilegeza usiku?"

"Hapana mjomba. Zinakaa hivyohivyo."

Akacheka. "Basi wewe hujaja kutafuta mbao ya muziki. Umekuja kutafuta mbao ya kenchi."

Nami kichwani nilikuwa na mambo mengine kabisa. Nilikuwa nimesoma sana habari za mbao gani ina sauti tamu na mbao gani ina sauti kavu, na mwalimu wetu wa kwaya alikuwa ameniagiza gita lote liwe la mpingo, kwa kuwa klarineti na zumari za kizungu zinatengenezwa kwa mpingo wetu. Nilimpa mjomba hoja hiyo. Akaniuliza kama mwalimu anajua kwamba kigogo cha mpingo ukikitupa majini kinazama, na kama yuko tayari kukibeba begani yeye mwenyewe kuanzia wimbo wa kuingilia mpaka matangazo.

Ikabidi nimweleze besi ya umeme inavyofanya kazi, kwamba pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba, na inachokinasa ni mtetemo wa nyuzi za chuma zilizo juu yake. Mbao ina mchango wake, maana nyuzi zinatetemeka zikiwa zimeshikwa na mbao, lakini haibebi sauti kama tumbo la gambusi. Nilipokuwa namweleza ndipo na mimi nikajielewa. Fender mwenyewe mwili wa besi yake aliuchonga kwa ashi, baadaye kwa alda, miti ya Marekani aliyoweza kuipata bila shida, na shingo kwa mepo kwa sababu ni ngumu. Angezaliwa Ifakara angeanza na mkangazi.

Asubuhi ile tulishinda kwenye yadi ya mbao. Mvule mjomba aliukataa hata kabla sijauulizia. Una mawe, alisema, na ni kweli: mti huo hujijengea vipande vya chokaa ndani ya shina, huvioni mpaka msumeno ukutane navyo. Tena vumbi lake linakaba kifua. Msaji wa Mtibwa ulikuwepo, umenyooka vizuri, ila una mafuta. Usipoufuta kwa thina kabla tu ya kupaka gundi, maungio yanakuachia baadaye. Na kuunga ilikuwa lazima. Mwili niliouchora una upana wa inchi 13, kwa hiyo ulihitaji mbao mbili za inchi mbili kwa nane kulaliana ubavu kwa ubavu. Mbili kwa nane ikishapita kwenye mashine ya kuranda inabaki na unene wa milimita 45 hivi, ambao ndio unene wa mwili wa besi. Kwa hilo inchi za wauza mbao wetu zilinifaa sana.

Zikabaki tatu: mninga, mkongo na mkangazi. Tuliomba kipande cha kila mmoja, mjomba akavikata vyote kipimo kimoja, sentimita 10 kwa 10 kwa unene ule wa milimita 45, tukaenda navyo kwa mama mmoja anayeuza viungo jirani, mwenye mzani wa betri. Alitutazama tukivipanga mbele ya iliki na mdalasini wake, akasema hajawahi kuona watu wananunua miti kwa gramu. Mkongo ulisoma gramu 360, mninga 285, mkangazi 245. Mwili wa besi kwenye hadibodi nilikuwa nimeuchorea miraba ya sentimita 10, nikaihesabu pamoja na vipande vya pembeni, ikatoka kama 13. Kwa hiyo mkongo ungenipa mwili wa karibu kilo tano, mninga kilo 3.7, mkangazi kilo tatu na ushee, kabla ya kuchimba mashimo ya pikapu na nyaya.

Mjomba alikuwa mtu wa mninga. Mlango wa mninga, anasema, hauleti ugomvi na fremu yake wakati wa masika; mbao hiyo ikishakauka husinyaa na kuvimba kidogo mno. Uzuri wake nao haubishiwi. Pale yadini alimwaga mate kidogo kwenye kidole, akakipitisha juu ya ubao uliokuwa na vumbi, na chini yake ikatokea rangi ya asali yenye michirizi myekundu. Mimi nilishikilia mkangazi kwa ajili ya bega langu. Tulibishana, yeye akisema mkangazi nyuzi zake zinakinzana, randa inakwenda upande huu inalamba vizuri, ikirudi inanyofoa. Nikasema tutamalizia kwa msasa. Akasema msasa ni kimbilio la mafundi wa siku hizi.

Kilichoamua ni uwiano. Besi ina shingo ndefu na vikazio vizito mwishoni kabisa; mwili ukiwa mwepesi kupita kiasi, ukiachia mkono tu kichwa kinashuka chini, na unapiga huku umelibeba gita kwa mkono wa kushoto. Dawa yake ni kuirefusha pembe ya juu ya mwili, pale mkanda unapofungwa, mpaka ifike usawa wa feti ya 12. Nilimwonyesha kwamba mchoro wangu umefika pale. Akaafiki mwili uwe mkangazi, kwa sharti kwamba shingo achague yeye.

Shingo aliipanga kwa mapapi matatu yaliyosimama: mkongo pembeni, mninga katikati. Mkongo ni mgumu, unabeba mvuto. Mninga katikati kwa sababu ndimo utakamochimbwa mfereji wa kile chuma, na patasi inaupenda. Papi moja la mkongo aliligeuza, kichwa chake kikatazama mkia wa lenzake, ili moja likitaka kujinyonga kulia, jingine livute kushoto. Aliyachagua kwa kuangalia mwisho wa ubao, siyo uso wake. Alitaka mistari ya mti isimame wima. Ubao wenye jicho, hata dogo kama punje ya mtama, aliuweka pembeni bila maelezo. Ukavu aliupima kwa shavu: anapiga randa mara moja, anaokota maranda, anayabana shavuni. Yakiwa ya baridi, mbao ni mbichi, hata muuzaji aape vipi.

Mpingo haukukosekana. Ubao wa juu ya shingo, pale vidole vinapobonyeza, unataka kitu kisicholiwa na nyuzi za chuma, na hapo mwalimu wa kwaya alikuwa sahihi. Tulikwenda Mwenge kwa wachongaji wa vinyago. Nilihitaji kipande kilichonyooka cha sentimita 60, na ndipo nilipojua kwa nini mpingo unauzwa kwa vipande vifupi: mti wenyewe hukua polepole na kwa kupindapinda, na kiini chake kina nyufa na mashimo. Kila kigogo kilichokuwa kirefu kilikuwa na ufa. Mchongaji mmoja, mtu mzima, alisikiliza shida yetu akauliza kama ile mistari ya vyuma inakata ubao mzima toka upande hadi upande. Nikamwambia ndiyo. "Basi ungia chini ya chuma, nani ataona?" Tukanunua kipande cha sentimita 45 na kingine kifupi, kiungio kikaja kuwa chini ya feti ya 12.

Mbao hazikukatwa mara moja. Mjomba alizipanga kwenye banda lake, fito katikati ya kila ubao ili hewa ipite, zikamaliza kipupwe chote pale. Alitaka shingo iwe imeshaungwa na kupakwa vanishi kabla ya mvua za vuli. Nilipompigia simu kuulizia alikuwa akijibu kwamba mbao zinaendelea vizuri na zinanisalimia.

Besi ilikamilika, na begani ina kilo nne na nusu hivi. Kichwa hakishuki. Masika ya mwaka uliofuata nilizungusha chuma cha shingo robo tu. Fedha mjomba hakuchukua, ila mabaki yote ya mpingo aliyazoa akayafanya mipini ya patasi, na ile besi mpaka leo anasema ingekuwa ya mninga ingependeza zaidi.